Chini ya Ubao wa Malkia

Tulikuwa bado hatujauona mji wa Temesrév wakati abiria wa mwisho alipoomba ruhusa ya kulala sakafuni. Gari la posta lilikuwa limemchukua njia panda, penye msalaba wa mbao na kibanda cha mlinzi wa daraja, na kwa muda alijaribu kuketi kama sisi wengine. Ilionekana wazi kwamba hawezi. Mgongo wake ulikuwa umepinda kuanzia mabegani, na kila gurudumu lilipoingia shimoni alishika paja na kufumba macho.

"Ndugu, hapa si kitandani," alisema mchuuzi wa manyoya ya bata bukini aliyeketi mkabala naye.

"Najua, bwana. Sitamsumbua mtu."

"Utalalia viatu vyangu."

"Basi vitanipa joto."

Mchuuzi alicheka, akasogeza miguu. Yule mtu akajilaza chali katikati ya viatu vyetu, magoti juu, mikono kifuani, na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyefika kwake. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye ndevu haba na kope zilizoungua. Koti lake lilinuka mafuta ya mishumaa. Nje mvua ilikuwa imegeuza mashamba ya mahindi kuwa tope la rangi moja na mbingu.

"Kazi gani hiyo unayofanya, hata kukaa huwezi?" mchuuzi alimuuliza.

"Kazi ya kulala."

"Hiyo hata mimi naiweza. Mke wangu atakuwa shahidi."

"Mimi nalipwa, bwana."

"Na nani? Nipeleke kwake leo leo."

Yule mtu alivuta koti lake hadi kidevuni. Aliponisikia nikimwomba dereva kwa Kislovakia apunguze mwendo, aligeuza kichwa akaniuliza kwa lugha hiyo hiyo kama mimi ni mtu wa kwao. Nilimwambia kwamba mimi ni mtu wa lugha tu, na kwamba nimeitwa Temesrév kuwa mkalimani wa baraza la mayatima, linaloamua mambo ya watoto na urithi. Tangu sheria ilipotaka mabaraza yote yaseme Kihungari, nusu ya watu wa nchi hii hawaelewi hukumu zao wenyewe, na watu wa aina yangu hatukosi kazi.

"Kesho?" aliuliza.

"Kesho."

"Basi utanisemea mimi." Alinyoosha mkono kutoka sakafuni, nikaushika. "Vendel Kubicsek. Wanataka kunichukulia binti yangu."

Katika nyumba ya wageni iliyo kando ya uwanja wa soko tulipewa supu ya kabichi na chumba kimoja. Vendel alikula amesimama, akiegemea jiko la vigae. Niliuliza maswali ambayo mkalimani hana budi kuuliza, maana siwezi kutafsiri neno ambalo sijui limesimama juu ya nini. Alinijibu taratibu, akitazama mlango.

Mke wake alikufa kwa homa. Binti yao, Rozina, alipelekwa kwa shangazi yake Vendel, Mama Etelka, ambaye mume wake anaoka keki za asali hapo hapo Temesrév. Ilikuwa iwe kwa majira ya baridi tu. Sasa Mama Etelka ameliomba baraza limpe mtoto moja kwa moja, kwa jina na kwa urithi, kwa sababu baba hana makazi wala kazi inayojulikana.

"Na kazi yako ni ipi?" nilimuuliza.

Aliweka bakuli la supu juu ya jiko.

"Umewahi kumwona Malkia wa Sheba wa Bwana Lindtner?"

Nani asiyemjua. Kwenye maonyesho ya kila mji, kuanzia Pressburg hadi mipaka ya kusini, Kasper Lindtner alizungusha sanduku kubwa la mti wa jozi, na nyuma yake sanamu ya mwanamke mweusi mwenye gauni la mahameli na taji la shaba. Alifungua milango midogo ya sanduku mmoja mmoja, akaonyesha magurudumu na chemchemi, akaingiza mshumaa nyuma ili mwanga upenye. Kisha akafunga, akazungusha ufunguo, na sanamu ikanyanyua mkono ikaanza kucheza sataranji. Ilimshinda karibu kila mtu. Magazeti yaliandika kwamba ni sumaku, kwamba ni nyani aliyefunzwa, kwamba ni shetani. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika kwamba ni mtoto.

"Ni mimi," alisema Vendel.

Hakusema kwa fahari. Alisema kama mtu anavyokiri ugonjwa. Alikuwa fundi cherehani aliyeitwa kushona upya gauni la Malkia, na Lindtner alipoona anavyopita chini ya meza bila kuinama sana, akamwuliza kama anajua sataranji. Hakujua. Mchezaji wa zamani, mwalimu mstaafu aliyekuwa akikohoa damu, ndiye aliyemfundisha. Mwalimu aliketi nje kwenye kiti cha mgeni, Vendel akalala ndani gizani na mshumaa wake, na hivyo hivyo akafundishwa mpaka akamshinda mwalimu wake.

Ndani ya sanduku alilala chali. Miguu yake iliingia chini ya gauni la Malkia, kichwa kikawa upande wa mgeni, karibu kabisa na magoti ya yule anayecheza. Alitazama juu, kwenye tumbo la ubao. Chini ya kila nyumba, yaani kila mraba wa ubao, kulikuwa na shanga ya chuma iliyoning'inizwa kwa uzi. Kila kipande juu kilikuwa na sumaku, kwa hiyo kikitua mahali, shanga ya mahali hapo inarukia ubao na kuganda, kikiondoka, inaanguka. Kwa shanga hizo alijua kila kitu. Mkono wa sanamu aliuendesha kwa fimbo iliyokuwa juu ya kifua chake.

"Naisikia hata pumzi ya mgeni," alisema. "Anayeogopa anapumua kwa pua. Anayedhani ameshinda anaacha kupumua kabisa."

Mwenye mkahawa wa Temesrév, mtu mnene mchangamfu aitwaye Pantics, alikuwa akitafuta mchezaji wa nyumba: mtu wa kukaa hapo kila siku, kucheza na wateja na kuwafanya warudi. Alitoa mshahara na chumba juu ya mkahawa, chenye dirisha na jiko. Vendel alikuwa amekwenda kukitazama chumba hicho zamani kidogo, Malkia alipopita mjini. Alinieleza kitanda kitakaa wapi, na cha Rozina kitakaa wapi.

"Nikipata chumba kile, nina kazi na nina makazi. Baraza litasema nini tena?"

"Litauliza kama unajua kucheza," nilisema.

Alicheka kwa mara ya kwanza. Meno yake yalikuwa meusi kwa moshi.

Baraza lilikaa katika ukumbi wa juu wa jumba la mji. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Dabasi, mwenye shamba na mashavu mekundu, mtu asiye mbaya. Nilijua tayari, kwa kuambiwa na mhudumu wa nyumba ya wageni, kwamba ndiye mchezaji bora wa sataranji mjini, na kwamba Malkia wa Sheba alikuwa amemshinda mbele ya watu wote. Alilisimulia jambo hilo mwenyewe, kwa furaha. Kushindwa na maajabu ni heshima.

Mama Etelka alikuja na Rozina amevaa shali mpya. Mtoto alikuwa na vidole vilivyoungua kwa tanuri na alimtazama baba yake kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Vendel alisimama akashika kiti. Hakuweza kunyooka.

"Mtoto anakula kwangu, anakwenda kanisani, anajifunza kazi," alisema Mama Etelka. "Mimi simchukii huyu. Ni damu yangu. Lakini mheshimiwa, muulize amekuwa wapi. Muulize anafanya nini. Mimi sijui, na ni shangazi yake."

Mheshimiwa Dabasi aliuliza. Vendel akajibu, nami nikatafsiri kila neno kwa Kihungari, nikisikia ukumbi ukinyamaza polepole.

"Anasema nini?" Dabasi aliniuliza, ingawa nilikuwa nimekwisha kusema.

"Anasema yeye ndiye alikuwa ndani ya Malkia wa Sheba, mheshimiwa. Anasema ndiye aliyecheza nawe."

Mashavu ya Dabasi yaliongezeka wekundu. Kasper Lindtner alikuwepo, amefika asubuhi na mkokoteni wake kwa ajili ya onyesho la mchana. Aliitwa mbele. Alikuwa mrefu, mwenye glavu safi, na sauti ya mtu aliyezoea kusema neno moja mara nyingi.

"Mheshimiwa, Malkia wangu hana mchezaji. Ana magurudumu. Mtu huyu ni fundi wangu wa nguo, na ninamheshimu kwa kazi yake ya sindano."

"Bwana Lindtner," alisema Vendel kwa Kijerumani, "ni mtoto wangu."

Lindtner alitazama glavu zake. "Ningefurahi kukusaidia, Kubicsek. Kwa jambo lolote lingine."

Pantics wa mkahawa, aliyekuja kumtetea, aliinua mkono. "Mheshimiwa, mbona jambo ni dogo? Mkahawa wangu uko ng'ambo ya uwanja. Ubao upo. Akikufunga wewe, ni mchezaji, nami namwajiri leo. Ya sanduku mtayaacha kwenye sanduku."

Watu walicheka kwa kuridhika. Hata Dabasi alicheka. Nilimwona Vendel akielewa bila mimi kumtafsiria, na nilimwona Rozina akimtazama baba yake vizuri kwa mara ya kwanza.

Tulivuka uwanja wote pamoja, tukirukaruka madimbwi. Pantics aliagiza kahawa, akafuta meza karibu na dirisha, akaleta ubao na mfuko wa vipande. "Karibu, ndugu Kubicsek. Panga. Mgeni ndiye anayeanza, chukua vyeupe."

Vendel alisita kabla ya kuketi. Kisha akaketi, taratibu, akiuma mdomo. Alitazama ubao kutoka juu. Akauzungusha robo, akautazama tena, akauacha. Akaanza kupanga.

Mchuuzi wa manyoya, aliyekuwa akinywa pombe kali ya plamu kwenye meza ya jirani, ndiye aliyeona kwanza.

"Oho. Rafiki yangu wa sakafuni ameweka kona nyeusi kulia."

Kila aliyewahi kukaa mkahawani anajua kwamba kona ya mkono wa kulia huwa nyeupe. Hilo ni jambo la kwanza mtoto kufundishwa. Na si hilo tu. Mfalme na malkia walikuwa wamebadilishana mahali. Askofu mmoja alikuwa amemweka pamoja na askari, kwa kuwa vipande vya Pantics vilichongwa tofauti na vya Lindtner, na vyote vilikuwa na vichwa vya mviringo.

"Amekosea ubao wenyewe," mtu alisema.

"Labda ndani ya Malkia mambo ni hivyo."

"Mpe sindano, huenda akashinda."

Pantics aliinama juu ya meza na kupanga upya haraka, akitabasamu kwa ajili yake. "Wasiwasi tu, mheshimiwa. Hata mimi siku ya harusi nilivaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia."

Lakini mimi nilikuwa nikimtazama Vendel. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa akiutazama ule ubao uliosahihishwa kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta mlango umehamia ukuta wa pili. Alinyoosha mkono kushoto, akaurudisha, akanyoosha kulia. Alicheza. Dabasi alijibu. Alicheza tena, na mkono ukaenda tena upande usio wake. Malkia wake mweupe aliingia katikati ya vipande vya Dabasi bila mlinzi, akachukuliwa na farasi, na Vendel akatoa sauti ndogo, kama aliyeona kitu kikianguka kutoka mahali asipoweza kufika.

Alinigeukia. Alisema kwa Kislovakia, upesi upesi: "Sijawahi kuketi. Unaelewa? Sijawahi hata mara moja. Nilidhani ni mchezo ule ule. Kulia kwangu ni kushoto kwao. Kule chini hakuna farasi, kuna shanga. Waambie waniache nilale chini ya meza, waninong'oneze wanachocheza. Nitamfunga. Waambie."

Kazi yangu ni kusema kinachosemwa. Nilisema.

Mkahawa mzima ulivunjika mbavu. Mchuuzi alipiga meza hadi glasi ikaanguka. Dabasi mwenyewe alifuta machozi kwa leso.

"Chini ya meza," alisema, "ndiko wanakokwenda wateja wa Pantics ifikapo jioni. Hakuna anayehitaji ruhusa ya baraza."

"Mheshimiwa," nilisema, "huenda kuna maana. Mtu akitazama ubao kutoka chini, akiwa amelaza kichwa upande wa mgeni, kila kitu..."

"Bwana mkalimani, amesema hayo yeye au unayasema wewe?"

"Nayasema mimi."

"Basi usiyaseme."

Walimaliza mchezo kwa sababu ya heshima. Haukuchukua muda. Tuliporudi ukumbini Dabasi alisoma uamuzi bila hasira: baba ameliambia baraza uongo mbele ya mtoto wake, hana kazi ila sindano ya mkokotenini, na mtoto anakabidhiwa kwa Mama Etelka na mumewe, kwa jina na kwa urithi. Nilitafsiri. Nimetafsiri hukumu nyingi, na mara nyingi mtu anayesikia huuliza kitu. Vendel hakuuliza. Mama Etelka alilia kidogo, akamwambia mtoto ambusu baba mkono. Rozina alibusu, akafuta mdomo wake kwa shali. Nadhani ni kwa ajili ya ule mnuko wa mishumaa.

Onyesho la mchana lilifanyika katika ghala la nafaka, kwa kuwa mvua haikuacha. Nilikwenda. Sikujua nitafute nini. Nilijua tu kwamba siwezi kukaa chumbani. Watu walijaa hadi kwenye ngazi za wapakuaji. Lindtner alifungua milango midogo, akapitisha mshumaa, akafunga. Akazungusha ufunguo. Malkia wa Sheba akainua kichwa.

Dabasi alikuwa wa kwanza kuketi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda asubuhi. Malkia alimvunjavunja. Sina neno jingine. Sijawahi kuona mchezo wa namna ile, kabla wala baada: mkono wa mbao ulishuka bila kusita, kipande baada ya kipande, na haukumwachia hata sehemu moja ya kusimama. Aliposhindwa, Dabasi aliinuka, akainama mbele ya sanamu, na watu wakapiga makofi.

"Hii ndiyo akili," aliwaambia. "Si yule maskini wa asubuhi."

Lindtner aliuliza kama yuko mwingine. Mume wa Mama Etelka, mwoka keki, mtu mwema mwenye unga masikioni, alimsukuma Rozina mbele. Nadhani alitaka kumpa mtoto kitu cha kufurahia siku ile. Hakujua. Ukumbini alikuwa amesinzia.

"Hajui kucheza, bwana," alimwambia Lindtner. "Lakini amshike tu huyo Malkia mkono, apate cha kusimulia."

Nilimwona Lindtner akisita. Watu walikuwa wakitazama. Akavuta kiti.

Rozina aliketi. Miguu yake haikufika chini. Magoti yalikuwa mbele ya sanduku kabisa, na nyuma ya ukuta ule wa jozi, karibu kiasi cha kuguswa, ndipo kilipokuwa kichwa cha Vendel. Mwoka keki alimwonyesha asukume askari, akasukuma. Mkono wa Malkia ulikawia. Kisha ulishuka polepole kuliko wote tuliouona siku ile, ukasogeza askari mmoja, hatua moja. Mtoto akasogeza mwingine. Malkia vilevile. Haukuwa mchezo, hakuna kipande kilichokigusa kingine. Mtoto alipokosea njia ya farasi, Malkia hakutikisa kichwa kama kawaida yake, bali aliacha. Watu walianza kukohoa na kuzungumza. Lindtner aligusa ufunguo, akasema mashine imechoka, lakini mkono uliendelea kushuka na kupanda, hatua moja moja, mpaka moshi mwembamba ukaanza kutoka kwenye taji la shaba, pale ulipofichwa mpenyo wa hewa.

"Malkia anapumua," alisema Rozina.

"Usiseme upuuzi," alisema Mama Etelka kutoka nyuma. "Shuka, waachie wengine."

"Anapumua kwa pua."

Mwoka keki alimbeba akamshusha. Mkono wa mbao ulikuwa umebaki hewani, juu ya ubao, haukushuka. Lindtner alitupa shuka juu ya sanamu na kuwatakia watu safari njema.

Asubuhi iliyofuata nilikuta mkokoteni tayari mbele ya jumba la mji, farasi wamefungwa. Vendel alikuwa amesimama kwenye tope, ameshika upande wa sanduku. Nilimwambia kwamba Pantics alikuwa ameuliza habari zake, kwamba labda kwa kujizoeza, kwa kuketi kila siku mbele ya ubao...

"Mgongo wangu haukai," alisema. "Na kichwa nacho hakikai. Kila nikikaa nitauona vile vile kutoka chini." Aligeuka kutazama duka la keki za asali. "Ukimwona barabarani, mwambie..."

Nilingoja.

"Hapana. Usimwambie kitu. Atajaribu kumweleza mtu, na watamcheka."

Lindtner alifungua mlango wa nyuma wa sanduku. Barabara ya kwenda Arad ilikuwa mbovu, na hapo ndipo mahali pekee ambapo Vendel angeweza kusafiri bila maumivu. Aliingia kichwa kwanza, akageuka kwa namna aliyoizoea, akanyoosha miguu chini ya gauni la Malkia. Lindtner alimpa mkate wenye mafuta ya nguruwe na chupa ya maji, bila ubaya wowote, kama anavyolishwa mtu wa nyumbani. Akafunga. Mkokoteni ulizunguka uwanja, ukapita mbele ya duka la keki za asali ambalo milango yake ilikuwa bado haijafunguliwa, ukaingia kwenye barabara iliyopandwa miti mirefu ya mipopla.

Mimi nilikuwa nimekodiwa hadi mwisho wa kikao cha baraza. Nilipanda ngazi. Kesi ya kwanza siku hiyo ilikuwa ya ndugu wawili Waserbia na ng'ombe aliyeachwa na marehemu baba yao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akielewa Kihungari.